Insha Zilizosomwa Jikoni

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yangu hupata moto. Nilikuwa nimesimama jikoni katika chuo cha ualimu, kule upande wa Kitui, daftari mkononi, na mpishi mkuu ananitazama kwa huruma huku maharagwe yako mbele yake. Wasichana wenzangu walikuwa wamejazana mlangoni wakizuia kicheko. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nikijiona mwandishi aliyekamilika. Usicheke. Na wewe unajiona hivyo hivyo, ndiyo maana umeniletea hiyo insha yako iliyorudishwa na mistari myekundu, ukitaka nikubaliane nawe kwamba mwalimu wako ana wivu.

Sikubaliani nawe ng'o. Kaa hapo, chai iko kwenye thamosi, nikueleze yaliyonipata mimi.

Kwanza ujue nilivyofika kujiona hivyo. Kwetu ni mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kambu, pale kwenye barabara ya Mombasa. Miaka hiyo ya sabini wanaume wengi walikuwa mbali kikazi, na wake zao walibaki na mashamba, watoto na barua. Barua ikija, nani aisome? Mimi. Na nani aijibu? Mimi tena. Nilianza nikiwa darasa la sita. Siku ya soko nilikaa kwenye benchi nje ya duka, wanawake wakapanga foleni, kila mmoja na karatasi yake na lake moyoni. Walinilipa kwa mayai, na mwenye maembe akaleta maembe.

Na niliwaandikia, wacha tu! Barua yangu ilianza hivi: "Kwako ua la moyo wangu lisilokauka. Ni matumaini yangu makubwa kwamba waraka huu utakukuta u buheri wa afya, ukipunga upepo mwanana, kama nami huku nilivyo, isipokuwa maradhi ya kukukosa." Upepo mwanana! Kambu! Upepo wetu unajua kukujaza vumbi machoni, basi. Lakini nilikuwa nimeyaokota hayo redioni na kwenye barua za watu, na nilipomsomea mwenye barua kabla ya kutia gundi, alikuwa akishika mdomo. "Wuui! Hata mimi sikujua nampenda hivyo," mama mmoja aliniambia, na wote wakacheka. Sifa zikanipanda kichwani, mwanangu, na hakukuwa na wa kuziteremsha.

Sasa nilikuwa na dada yangu mkubwa, anaitwa Mwende. Mwende aliacha shule darasa la tatu. Si kwamba alikuwa mjinga, la. Karo ya shule ilitosha mmoja, na mbuzi walihitaji mchungaji, na baba akaamua. Mwende hakulalamika hata siku moja. Alichunga, akalima, akauza ndizi za watu kwenye mabasi pale Kambu, na mimi nikavaa viatu. Nikuambie ukweli, kila nilichosoma kilipita mgongoni mwake kwanza.

Mwende alikuwa na mpenzi, kijana mmoja aitwaye Kioko, fundi wa magurudumu kule Mtito Andei. Miaka miwili Kioko alikuwa akisema atakuja kwa baba na mbuzi za ntheo. Unajua kwetu Ukambani mambo yalivyo: pete na harusi ni zenu, lakini mbuzi za ntheo zisipofika kwa wazazi, binti hajaolewa, hata akizaa watoto sita. Baba alikuwa amechoka kungoja. Kulikuwa na bwana mmoja wa Emali, mjane mwenye duka, mtu wa heshima zake, amekwisha kuja mara mbili kuuliza. Jioni moja baba akatamka mbele yetu sote: "Huyo Kioko nimemsikia miaka miwili. Mbuzi zake sijazisikia zikilia hapa kwangu. Mbaazi zikivunwa kama mbuzi hizo hazijafika, yule wa Emali alete zake." Baba akisema amesema.

Mtito Andei si mbali na Kambu, lakini msichana mwenye baba mkali hakuweza kwenda kumtafuta mwanaume kwenye mji wa madereva wa malori na nyumba za kulala wageni. Na habari ya ntheo haitumwi kwa mdomo wa dereva. Basi Mwende akaja kwangu, wiki moja kabla sijaenda chuoni, akakaa kando yangu akaniambia: "Andika hivi. Kioko, baba amesema mwisho ni mbaazi. Ukichelewa nitapewa mtu wa Emali, na mimi simtaki. Nakutaka wewe. Njoo."

Nikamwambia, "Dada, hiyo si barua, hiyo ni kupiga kelele. Niachie mimi."

Akaniachia. Nikaandika kurasa nne. Niliipenda barua ile kiasi kwamba niliinakili kwenye daftari langu ili nisiisahau. Mwende nilimsomea ukurasa wa kwanza tu, akatabasamu, akasema, "Wewe ndiye mwenye shule." Nikaitia kwenye bahasha, nikaipeleka posta, nikafunga sanduku langu nikaenda zangu chuoni.

Chuoni somo la insha lilifundishwa na Bi Rukia. Alikuwa mwanamke wa mjini Kitui, wa zile familia za Kiislamu ambazo wazee wao walitoka pwani zamani, na Kiswahili chake kilitiririka mpaka ukatamani kunyamaza. Nilipomsikia nikafurahi. Nikasema, sasa nimempata wa kunielewa, hawa wengine wa huku watabaki nyuma.

Insha ya kwanza ilikuwa rahisi kabisa: eleza mtu wa kwenu akifanya kazi moja. Nikamwandika mama akichota maji. Kurasa tatu na nusu! Jua likachomoza kwa madaha, ndege wakatumbuiza, mama akatembea kama malkia, moyo wangu ukafurika. Nikaipeleka mwenyewe mezani pake kwa mikono miwili.

Lakini Bi Rukia hakusahihisha insha kama walimu wengine. Insha za kwanza hakuzitia hata nukta ya wino kabla hazijasomwa kwa sauti. Alitupeleka jikoni, mmoja mmoja, kwa Mzee Nzioka, mpishi mkuu, mtu ambaye hakuwahi kukalia dawati. Ulisoma insha yako yeye akichagua maharagwe. Ukimaliza, Bi Rukia alimwuliza, "Mzee, huyu amesema nini?" Alichokumbuka Mzee Nzioka ndicho kilichopewa alama. Asichokumbuka, mwalimu alikipigia mstari mbele yako. Sisi tuliuita mtihani wa jikoni, na tuliuogopa kuliko mtihani wenyewe.

Zamu yangu ikafika. Nikasoma kwa sauti ya redioni, na mikono nikirusha. Mzee Nzioka akaacha hata maharagwe akanitazama. Nikajua nimewamaliza.

"Mzee, huyu amesema nini?" Bi Rukia akauliza.

"Ai, mwalimu, huyu msichana anajua Kiswahili! Kiswahili mzuri sana, kama ya redio."

"Nakubali. Lakini amesema nini?"

Mzee Nzioka akajikuna kidevu. "Kulikuwa na jua. Jua ilitoka. Halafu kukawa na ndege... halafu nikasikia mambo ya moyo." Akanitazama kwa huruma, mzee wa watu. "Kuna mtu alikuwa anaenda mahali. Hiyo mahali, mimi sikufika."

Mlangoni wakaangua kicheko. Bi Rukia akachukua kalamu, akapiga mstari ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akabakisha maneno manne: mama alikwenda kuchota maji. "Hii ndiyo insha yako," akasema. "Ni nzuri. Sasa nenda ukaimalize."

Nililia siku hiyo. Nililia kwa hasira, mwanangu, si kwa toba, usidhani nilikuwa mtakatifu. Nikamfuata ofisini, nikamwambia hao wote walionisifu kwetu hawawezi kuwa wajinga. Nikamwambia mpishi hawezi kuwa mwalimu wangu. Bi Rukia akaniacha nikamaliza, akaninyooshea leso.

"Binti yangu," akasema, "maji mama yako huyachota wapi?"

"Mtoni."

"Mto una maji?"

"Hauna. Ni mchanga. Anafukua."

"Anafukua kwa kitu gani? Kwa muda gani? Nani anashika ng'ombe wasikanyage kile kisima? Hayo mimi siyajui. Mimi ni mtoto wa mjini, maji yangu ni ya bomba. Nilitaka uniambie, ukaniambia habari za malkia." Halafu akasema jambo ambalo nililichukia muda mrefu kabla sijalipenda: "Unaandika kana kwamba kwenu ni mahali pa kufichwa."

Nikatoka pale nimenuna. Lakini niliiandika upya. Na nikaiandika tena. Mara ya tatu niliandika jinsi mama anavyopiga magoti mchangani na kufukua kwa kata mpaka mkono unazama begani, jinsi anavyongoja maji yajae polepole, akitupa ya kwanza kwa sababu ni matope, na jinsi Mwende alivyokuwa akisimama na fimbo kuzuia ng'ombe. Nikaisoma jikoni. Mzee Nzioka hakusifu Kiswahili changu hata kidogo. Alisema tu, "Huyo mama apumzike sasa, mgongo utamuua," na akaieleza yote, toka mwanzo hadi mwisho, kama mambo aliyoyaona kwa macho yake. Bi Rukia akanipa alama kumi na nne kati ya ishirini. Sijawahi kupata alama tamu kama zile.

Nilidhani nimejifunza basi. Kumbe nilikuwa nimejifunza insha tu.

Mwezi wa saba nikapata bahasha kutoka nyumbani. Ndani yake kulikuwa na bahasha nyingine, imefungwa bado. Ilikuwa barua ya Kioko kwa Mwende. Mwende hakutaka kusomewa na mtu mwingine, kwa hiyo alimwomba mwenye lile duka la Kambu aandike anwani yangu tu, akaituma jinsi ilivyo, ili mimi niisome na nimjibu. Nikaifungua nikitabasamu. Kioko aliandika kwamba barua ile ilikuwa tamu ajabu. Aliwasomea mafundi wenzake, na mmoja akainakili ampelekee mkewe. Akamalizia kwa kusema wavumiliane, Krismasi atachukua likizo aje azungumze na mzee.

Krismasi! Na mbaazi zilikuwa zimeanza kukauka shambani.

Nikaketi kitandani nikaisoma tena. Nikasema, huyu mwanaume ni wa namna gani, nimemwandikia mwisho ni mbaazi naye ananiambia Krismasi? Nikafungua daftari langu nilimoinakili barua, nitafute pale nilipomwambia. Nikatafuta. Nikarudi mwanzo nikatafuta tena. Nilipopaona palikuwa ukurasa wa nne, karibu na mwisho: "Wakati nao, ewe tabibu wangu, haumngoji yeyote, na hata mbaazi shambani zachanua zikitazamia siku yake, naye baba moyo wake umejaa fikira nyingi." Ndiyo hiyo. Ndiyo habari yote ya ntheo niliyokuwa nimempa mtu yule. Ya Emali sikuitaja kabisa, kwa sababu niliona itachafua barua.

Nikashuka jikoni mbio, hakuna aliyenituma. Mzee Nzioka alikuwa anasonga ugali wa mchana. Nikamwambia, mzee, nisikilize, na nikamsomea kurasa zote nne.

"Nimesema nini?" nikamwuliza.

"Huyu msichana anampenda huyu kijana. Anampenda mbaya."

"Na nini kingine?"

Akafikiri kwa haki kabisa, mwiko umesimama. "Hakuna kingine."

Hapo ndipo nilipolia kilio cha pili, na hicho hakikuwa cha hasira. Nikamweleza mzee yule kila kitu, mbuzi, mbaazi, mjane wa Emali. Akatoa sufuria motoni ili anisikilize vizuri. Nilipomaliza akashangaa. "Mwiitu wakwa," akasema, yaani binti yangu, "si ungemwambia tu? Mwambie mzee amesema mwisho ni mbaazi. Akichelewa, msichana anapewa mtu wa Emali. Aje."

Mwanangu, nilihisi kama nimemwagiwa maji baridi. Yalikuwa maneno ya Mwende. Karibu neno kwa neno, aliyoniambia akiwa amekaa kando yangu, na mimi nikamwambia hiyo si barua.

Nikaandika yale yale aliyosema dada yangu, hata lile la kwamba simtaki, hata lile la nakutaka wewe. Mistari minne. Mkono uliniwasha kuongeza salamu, nikauzuia. Nikaipeleka kwa Bi Rukia, maana sikuwa na stempu na nilitaka iondoke siku ile ile. Akaisoma amesimama. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Akavaa buibui lake akaipeleka posta mwenyewe, na mimi nikabaki kwenye ngazi za ofisi nikiomba Mungu.

Nilifika nyumbani kwa likizo nikakuta mbaazi zimekatwa, ziko uani, bado hazijapigwa. Mwende alikuwa hali chakula vizuri. Hakuniuliza kitu mbele ya wazazi. Siku ya tatu, asubuhi, lori la mchanga likasimama kule barabarani, na baada ya muda tukasikia mbuzi wakilia njiani. Kioko alikuwa na baba yake mdogo na mbuzi watatu, amejaa vumbi mpaka kope, shati jeupe limekuwa la kahawia. Alikuwa ameacha kazi ya wiki nzima bila ruhusa. Baba akawatazama mbuzi wale kwa muda mrefu, akamzunguka mmoja, akamgusa mgongo. "Mmoja amekonda," akasema, na sote tukajua amekubali.

Kicheko na vigelegele vilipotulia, Kioko akaja nilipokuwa nikiosha masufuria. "Ile barua ya pili nani aliandika?" akauliza. "Nilipoisoma niliangusha spana."

Nikayaacha masufuria. Nilimtafuta Mwende. Nikamkuta nyuma ya ghala, amekaa peke yake, anacheka na kujifuta machozi. Nikaona siwezi kunyamaza. Nikatoa daftari nikamsomea barua ya kwanza, yote, kurasa nne, mpaka pale penye mbaazi zinazochanua. Nikamwambia hii ndiyo niliyoipeleka kwa jina lako.

Akalitazama lile daftari. Kisha akauliza, "Hayo nilisema lini?"

"Hukusema, dada."

"Mimi nilikupa maneno."

"Ulinipa."

"Ukayaonea aibu." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Nilijua sina shule. Sikujua kwamba hata maneno yangu hayafai kukaa kwenye karatasi."

Mwanangu, nimepigwa na walimu, nimepigwa na maisha. Hakuna kilichoniuma kama hicho. Yule aliyechunga mbuzi ili mimi nishike kalamu, nimeishika na kwanza nimemfuta yeye. Nilipiga magoti pale kwenye maganda ya mbaazi nikamwomba msamaha, na maneno yalikuwa machache, hayakutaka kupambwa.

Mwende akaninyanyua kwa mkono. Akanipangusa magoti kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Halafu akasema, "Leta karatasi. Nataka kumwandikia huyo mwalimu wako."

Nikaleta. Akakohoa, akakaa wima, akasema polepole ili nisikose kitu: "Mwalimu, jina langu ni Mwende. Sikusoma. Mdogo wangu alikuja kwako akiwa hanisikii, na sasa ananisikia. Leo mbuzi wamefika. Mungu akuweke." Nikaandika hivyo hivyo. Nikamsomea, akatikisa kichwa kwa kukubali, akachukua kalamu mkononi mwangu, na kwa zile herufi zake za darasa la tatu akaandika jina lake chini, mwenyewe, akakaza sana hadi karatasi ikatoboka.

Bi Rukia aliitunza barua ile. Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa mwalimu mwenye watoto, nilimtembelea Kitui, akaniambia amepokea barua nyingi za shukrani maishani na hiyo ndiyo anayoiweka pamoja na msahafu wake. Namshukuru mwanamke yule kila nikishika kalamu. Namshukuru Mzee Nzioka, ambaye hakuwahi kunidanganya kwa sababu hakujua kwamba alitarajiwa kunidanganya. Lakini shukrani ya kwanza ni ya Mwende, aliyenipa maneno yake mara ya pili baada ya kuona nilivyoyafanya mara ya kwanza.

Kwa hiyo mwanangu, hii insha yako nimeisoma. Ina maneno makubwa, na sijui ndani yake nani alifanya nini. Usimchukie mwalimu wako. Rudi kwake kesho, umwambie asante hata ikibidi uume meno. Kisha tafuta mtu asiye na sababu ya kukusifu, msomee, umwulize umesema nini, na akisema hakuelewa usimwone mjinga. Na ukiandika habari za watu wako, waandike wasemavyo, walivyo, na vumbi lao miguuni. Usiwavalishe nguo za kuazima ili wageni wawapende. Wao ndio waliokupeleka huko chuoni, na wana haki ya kujitambua wakisomewa.

Njoo hapa karibu, uinamishe kichwa. Mungu wa baba zetu akupe mkono mwepesi na sikio sikivu la kushika ya wengine. Akupe walimu wakali wanaokupenda. Siku utakapoandika, aliye mbali asome ajue kwamba anangojwa, na afunge safari. Nenda, mwanangu, na uende salama.